Namna ya Kuua Mradi kwa Heshima Zote

Vitabu vya usimamizi vinasema mradi ni kazi yenye mwanzo, mwisho na tokeo moja mahususi. Mwanzo utautambua bila shida: una turubai, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, ngoma, mgeni rasmi aliyechelewa na mkasi juu ya kisahani. Tokeo mahususi utalikuta ukurasa wa kumi na nne wa andiko, katikati ya aya ndefu. Mwisho ndio wenye utata. Miradi mingi haifi bali husinzia tu, kisha siku moja gari la mmojawapo linaonekana asubuhi likipeleka watoto shule. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya wasinziaji. Umeandikwa kwa ajili ya meneja mradi mwenye malengo, anayetaka mradi wake ufe wima, mchana kweupe, kwa gharama ya kutajwa bungeni.

Kwa somo hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Chuo kilikuwa Kongwa, Dodoma, na matawi yake Urambo na Nachingwea. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha huko Mpango wa Karanga wa Tanganyika, na mpaka leo sijaona kazi nyingine iliyokusanya dhana zote za usimamizi wa miradi na kuzizika pamoja kwa ustadi ule. Kumbuka kwamba taasisi ya Marekani inayotoa vyeti vya usimamizi wa miradi iliundwa 1969. Mabwana wale walifika walikofika kwa vipaji vyao vitupu. Sisi wenye vyeti ukutani tutashindwaje?

Anza na jibu

Mradi mdogo huanza na tatizo, ndipo watu wakatafuta jibu. Mradi mkubwa huanza na jibu lililokwisha kuvaa suti.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia vilitolewa kwa mgawo, na mama wa nyumbani wa London alikuwa akipanga foleni huku serikali yake ikihesabu kura. Mwanzoni mwa 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza dawa: karanga zilimwe Tanganyika, kwa mashine, katika eneo la ukubwa usiowahi kuonekana. Karanga zina mafuta, Uingereza haina mafuta, Tanganyika ina ardhi. Hesabu imekwisha, funga daftari.

Hapa ndipo tunapokutana na hati ya mradi, waraka mfupi unaotaja mwenye mradi ni nani, kwa nini mradi upo na nani ana mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Kwa matokeo bora, hakikisha mwenye mradi, mwenye fedha na mlaji wote wanakaa bara moja, na shamba liko bara jingine. Umbali huu una faida ya kiutawala: habari mbaya husafiri polepole, na ikifika huwa imekwisha kuwa takwimu.

Nani atasema siku hizi tumeacha? Kijiji kinataka daraja. Mfadhili mwaka huu ana fedha za mabadiliko ya tabianchi. Basi mshauri anaandika daraja linalostahimili mabadiliko ya tabianchi. Mwaka unaofuata fedha ni za vijana, na daraja lile lile linakuwa jukwaa la kuwawezesha vijana kuvuka. Mwaka wa tatu ni mageuzi ya kidijitali. Mto unasubiri.

Upembuzi yakinifu

Darasani utaambiwa kwamba upembuzi yakinifu ni uchunguzi unaofanywa kabla ya uamuzi ili kujua kama mradi unawezekana. Kazini utagundua kwamba ni uchunguzi unaofanywa baada ya uamuzi ili kujua kurasa ngapi zitatosha. Anayeufanya huitwa mshauri elekezi, naye kabla ya kuelekeza huelekezwa kwanza kwa hadidu za rejea.

London ilituma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walifika katikati ya 1946, wakazunguka kwa wiki tisa Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na ripoti nene: ekari zaidi ya milioni 3.2, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, kwa gharama ya takriban pauni milioni 24. Nakuomba usome tena idadi ya mashamba. Mia moja na saba. Mtu aliyesema mia moja angeonekana anakisia. Mtu aliyesema mia moja na saba amepima. Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hiyo saba.

Chukua pia suala la majira. Mvua za Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, huanza kwenye Desemba na kuisha kwenye Aprili, na kwa mwaka mzima Dodoma hupata wastani usiofika milimita 600, tena wastani wenye hila: mwaka mmoja inakuja yote kwa pamoja, mwaka mwingine inapita juu ikielekea kwa wengine. Ukienda kuchunguza mvua mwezi wa saba hutasumbuliwa na mvua. Anga ni safi, barabara zinapitika, ndege inaona mbali, na ardhi unayoiona chini haina watu. Mshauri wa kiwango cha chini angejiuliza kwa nini ardhi nzuri namna hiyo haina watu. Mshauri wa kimataifa anaandika: fursa.

Udongo nao. Karanga ina tabia ambayo mahindi hayana. Inachanua juu ya ardhi, kisha kikonyo cha ua hujipinda, kinaingia udongoni, na punje hukomaa huko chini gizani. Kwa hiyo anayelima karanga kwenye udongo mgumu huumia mara mbili, siku ya kupanda na siku ya kuvuna. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikishaukolea na jua likaupiga, unakakamaa mpaka majembe ya trekta yanalika. Karanga zikakomaa vizuri tu, chini kabisa, na kukataa kutoka.

Niweke kejeli pembeni kidogo, kwa sababu hapa watu hupenda kucheka vibaya. Wakefield hakuwa mgeni aliyeokotwa mitaani. Alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Aliijua nchi. Kilichomshinda, kwa maoni yangu, si ujinga bali swali alilopewa. Hakuulizwa kama jambo linawezekana. Aliulizwa lifanyike wapi na kwa kiasi gani. Mtaalamu akipewa swali la namna hiyo, utaalamu wake wote hugeuka kuwa kalamu nzuri. Haya, turudi kazini.

Wadau

Mdau ni mtu yeyote anayeguswa na mradi au anayeweza kuugusa. Wadau wamegawanyika katika makundi matatu: wenye mamlaka, wenye viti vya mbele, na wenye kujua. Kundi la tatu huwa nje ya ukumbi, chini ya mwembe, wakilinda baiskeli za kundi la pili.

Wagogo walikuwa wakiishi na ile ardhi kabla ya ndege. Walilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiu, na wakaweka akiba yao katika ng'ombe, ambao mvua ikihama nao huhama. Njaa ziliwapata mara nyingi kiasi cha kuzipa majina. Ile kubwa ya kuanzia 1917 hadi 1920 wanaiita Mtunya. Watu wenye majina ya njaa zao wana kumbukumbu za mvua, tena za vizazi. Kasoro yake ni kwamba haikupigwa chapa, na haina kiambatisho.

Usirudie kosa la London la kutowauliza kabisa. Hilo ni la kizamani na siku hizi litakukwamisha kwenye ukaguzi. Waulize vizuri. Andaa warsha ya siku mbili katika hoteli ya makao makuu ya mkoa, mahali ambapo kiyoyozi kinatosha kumsahaulisha mtu ukame. Weka utambulisho wa meza kuu uchukue asubuhi nzima. Baada ya chai, gawa watu katika makundi, wape karatasi kubwa na kalamu za rangi, na wawasilishe. Kutakuwepo mzee mmoja atakayesimama na kusema kwamba bonde lile mnalotaka kujenga hujaa maji kila baada ya miaka kadhaa. Usibishane naye. Mwambie:

"Mzee wetu, shikamoo. Kwanza nikupongeze kwa mchango mzuri sana. Tumeuchukua, na wataalamu wetu wataufanyia kazi."

Kisha hoja yake iandikwe kwenye karatasi ya peke yake, ibandikwe ukutani karibu na mlango, pale ambapo mhudumu ataiondoa jioni. Mpeni fulana. Piga picha ya pamoja, na mzee akae katikati. Picha hiyo ndiyo ushirikishwaji wa jamii. Itapamba jalada la ripoti ya mwaka, na bonde litakapojaa maji hakuna atakayesema mzee hakushirikishwa, kwa sababu yuko pale, ameshika fulana.

Pembetatu

Mwingereza mmoja, Martin Barnes, aliichora 1969, na tangu hapo hakuna semina inayokamilika bila pembetatu ubaoni: wigo, muda, gharama. Wigo ni kazi gani ifanyike na ipi isifanyike. Muda na gharama havihitaji maelezo. Dhana ni kwamba ukivuta upande mmoja, mwingine lazima usogee. Fundi cherehani yeyote wa Kariakoo anaijua bila ubao. Mwambie siku mbili kabla ya Idi kwamba gauni unalitaka kesho badala ya wiki ijayo: atataja bei mpya, au atapunguza marinda. Hatakuambia kwamba bei, siku na marinda vyote vinabaki palepale. Hiyo ni kazi ya ofisi kubwa.

Kongwa walivunja pande zote tatu kwa mpigo, jambo ambalo kijiometria si rahisi. Mwaka wa kwanza walipanga kuandaa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa takriban 7,500. Gharama zilipanda zikaliacha kadirio la mwanzo nyuma kabisa. Na wigo, ambao ungetegemewa upungue baada ya habari hizo, ulianza kutambaa.

Kutambaa kwa wigo ni pale kazi inapoongezeka kidogokidogo bila mtu kukaa kikao na kuamua iongezeke. Mpango ulikuwa karanga. Lakini karanga zinahitaji watu, watu wanahitaji nyumba, nyumba zinahitaji mji, mji unahitaji maji, hospitali, shule ya watoto wa wakubwa na klabu ya wakubwa wenyewe. Kule kusini mambo yalipendeza zaidi. Nachingwea ilikuwa mbali na bahari, kwa hiyo ikajengwa reli. Reli ilihitaji pa kuishia, kwa hiyo ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Vyote hivyo vilisubiri mazao ambayo yenyewe yalikuwa hayajakubali kuota. Bandari ilikamilika 1954. Mradi ulikuwa umefungwa 1951. Sifahamu mfano bora zaidi wa kumaliza kazi nje ya muda, kwa sababu hapa hata muda wenyewe ulikuwa umekwisha kuondoka.

Karanga zilipozidi kugoma, wakageukia alizeti. Ukame nao ukazigeukia alizeti. Katika lugha ya kazi hii, hatua hiyo inaitwa mabadiliko yaliyodhibitiwa.

Mpango kazi

Mpango kazi ni orodha ya shughuli, mhusika wa kila shughuli, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mhandisi wa Marekani Henry Gantt, aliyefariki 1919, alieneza mtindo wa kuzichora kama mistari iliyolala, kila kazi na mstari wake, ili bosi aone kwa jicho moja nani amechelewa. Leo chati ya Gantt hutengenezwa kwenye kompyuta na kupakwa rangi. Tumia kijani kwa wingi. Mfadhili akiona kijani hupumua.

Jambo la hatari katika chati, ambalo nakushauri ulifiche, ni mshale. Mshale huonyesha kwamba kazi hii haiwezi kuanza kabla ya ile kuisha. Ukiifuata mishale kutoka mwanzo mpaka mwisho utapata mlolongo mmoja mrefu kuliko yote, na huo ndio unaoamua mradi utaisha lini. Ukichelewa siku moja ndani yake, mradi mzima umechelewa siku moja. Jeshi la Majini la Marekani lilijenga mbinu nzima juu ya wazo hilo mwaka 1958, likitengeneza makombora ya Polaris. Kazi zilizo nje ya mlolongo zina nafasi ya kupumua. Zilizo ndani hazina.

Mlolongo wa Kongwa ulikuwa hivi: meli ifike Dar es Salaam, bandari ambayo haikujengwa kwa mizigo ya namna hiyo. Mzigo utoke bandarini upande reli, na reli ilikuwa njia moja. Ushushwe stesheni ya Msagali, upelekwe Kongwa. Trekta liunganishwe, lipate mafuta, lipate dereva, na likiharibika lipate spea, ambayo inaanza safari upya kutoka kwenye meli. Mtoto wa shule akichorewa mlolongo huo ataonyesha kwa kidole pa kuanzia: panua bandari, imarisha reli, jenga karakana, ndipo ulete matrekta. Kwa hiyo usimchoree. Weka kazi zote zianze tarehe moja, mistari isimame sambamba kama gwaride la Sabasaba, na utakuwa na chati nzuri yenye kijani kila pembe.

Ikitokea umechelewa, ongeza watu. Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu za kompyuta pale IBM, aliandika 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, maana wapya wanahitaji kufundishwa na wale wale ambao hawana muda. Usimsikilize. Uingereza ilikuwa na askari wengi waliorudi kutoka vitani wasijue la kufanya na amani; walijiandikisha kwa wingi kuja kupigana na vichaka vya Ugogo. Walikuja na nidhamu na vyeo, na baada ya muda kidogo wakapata meneja mkuu ambaye ni meja jenerali. Vichaka havikuwa na cheo.

Ununuzi

Nunua vilivyopo, si vinavyohitajika. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa matingatinga yaliyotumika na majeshi, mengine yakiwa yameachwa Ufilipino, yakiwa na kutu na historia. Kisha kiwanda cha Vickers kikachukua vipande vya vifaru vya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Unabii wa kugeuza panga kuwa jembe ulikuwa umetimia, ila jembe lilikunywa mafuta kama panga. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imelala karakana.

Vichaka vyenyewe vilikuwa na werevu wake. Tingatinga lilipita juu yake, vikainama; likishapita, vikainuka. Mafundi wa shambani wakabuni njia: chukua mnyororo wa nanga ya meli, funga kila mwisho kwenye tingatinga moja, yaende sambamba, na mnyororo ung'oe kila kilicho katikati. Njia ilifanya kazi. Inasimuliwa kwamba ombi la minyororo lilipofika London, waheshimiwa walilifuta wakidhani ni utani, maana nani anahitaji nanga Dodoma? Simulizi hii naipenda kwa sababu moja: katika mradi mzima, ndilo wazo pekee lililotoka kwa watu waliokuwa wamesimama kwenye udongo, na ndilo lililopata ukaguzi wa kina.

Vihatarishi

Kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea, na likitokea litauumiza mradi. Vihatarishi vinaorodheshwa kwenye rejista yake, kila kimoja na uwezekano wake, ukubwa wa madhara na mtu wa kukishughulikia. Andika "kuchelewa kwa fedha" na "mwitikio mdogo wa jamii". Hivyo havimkasirishi mtu. Mvua usiiandike, itaonekana unamsingizia Mungu. Wafanyakazi pia uwaache, na ukumbuke kwamba Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda treni ya bara mpaka ukafika Kongwa, ukiwa ndicho kitu pekee mwaka ule kilichosafiri kwenye reli hiyo bila kukwama. Na kuna nyuki. Mibuyu ilikuwa na nyuki. Katika andiko lote la ekari milioni 3.2 hakukuwa na safu ya nyuki.

Ufuatiliaji na tathmini

Viashiria ni vitu vinavyohesabika ambavyo vinakuonyesha kama unakaribia lengo. Kanuni: hesabu kilicho rahisi kuhesabu. Idadi ya mafunzo, idadi ya washiriki, wanawake wangapi, vikao vingapi, kilomita alizotembea gari. Karanga zina ubaya wa kupimika kwa mizani.

Kwa utekelezaji tumia asilimia. Mradi ukifika asilimia 90 utakuwa mahali pazuri na unaweza kukaa hapo miaka. Tofautisha kati ya asilimia 90 ya fedha na asilimia 90 ya kazi, lakini usiwatofautishie wengine. Ukiulizwa na kamati, sema mchakato uko katika hatua za mwisho. John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, alisimama bungeni kuutetea mpango mwaka baada ya mwaka, na nakiri kwamba alikuwa na ufasaha ambao mameneja wetu wengi wangelipia ada kuupata.

Bado kuna tatizo la mtu anayeandika ukweli. Katika mpango wa karanga mtu huyo alikuwa Alan Wood, aliyesimamia habari katika shirika la serikali lililouchukua mradi kutoka kwa United Africa Company mwaka 1948. Kazi yake ilikuwa kuusifia. Akajiuzulu, na 1950 akachapisha kitabu kuhusu yaliyotokea, mradi ukiwa bado unapumua. Hii ndiyo ripoti ya mafunzo yaliyopatikana iliyotoka mapema kuliko zote ninazozifahamu. Kwa kawaida ripoti hiyo huandikwa mwishoni, kwa haraka, na mtu wa mkataba wa wiki mbili, na hufungwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko na mtu aliyehamishwa.

Kufunga

Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba basi. Zaidi ya pauni milioni 36 zilifutwa vitabuni. Na inaelezwa kwamba karanga zote zilizovunwa zilikuwa pungufu ya zile zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu, maana yake ni kwamba mradi ungepata mafanikio makubwa zaidi kama mbegu zingekaangwa siku ya uzinduzi na kugawiwa wageni.

Kufunga mradi vizuri kuna taratibu zake: makabidhiano, orodha ya mali, hesabu za mwisho, na sehemu moja ya fomu inayoitwa uendelevu, ambapo unaeleza nini kitabaki baada yako. Wasimamizi wengi huandika hapo kwamba jamii itaendeleza, kisha hupakia kompyuta. Kongwa hapa ndipo inaponitatiza kama mwandishi wa mwongozo wa kifo, kwa sababu marehemu alikataa kubaki kaburini.

Urambo ikaenda kwenye tumbaku, na wakulima wake bado wanaijua bei ya msimu kuliko sisi tunavyojua mishahara yetu. Ardhi ya Kongwa iliyosafishwa kwa shida yote ile ikawa ya malisho na ng'ombe, yaani matumizi ambayo Mgogo yeyote angeyapendekeza bure mwaka 1946. Reli ya kusini iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ya Mtwara ikabaki, na korosho zimekuwa zikipakiwa melini hapo. Tangu 1964 wapigania uhuru waliweka kambi Kongwa penye masalia ya mpango ule: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wenzao, wakilala na kufanya mazoezi mahali palipoandaliwa kwa ajili ya majarini ya London. Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na 1975 Msumbiji ikapata uhuru kutoka kwa Wareno.

Sasa wewe ndiye unayejaza fomu ya mwisho. Safu ya kwanza inasema lengo: karanga. Andika sifuri, kwa mwandiko mdogo. Safu ya pili, gharama: andika "tazama kiambatisho". Teremka mpaka chini kabisa, kwenye safu ya matokeo yasiyotarajiwa ambayo watu huiacha wazi, na uandike kwa herufi kubwa: KUANGUKA KWA UKOLONI WA WARENO, ASILIMIA 100. Gonga mhuri, tia sahihi, na nakala moja ipelekwe Hazina ya London, ambako naamini hawajawahi kuipokea.